Mtakatifu Kamili hakubeba wagonjwa peke yake

Huenda wewe ni muuguzi, na unalisoma gazeti hili baada ya zamu ya usiku, miguu imevimba, na kichwani bado unaiona sura ya mgonjwa uliyemfunika shuka alfajiri. Au huenda wewe ndiye uliyejibiwa kwa ukali wodini juzi, ukatoka umeumia moyo. Leo nawaalika nyote wawili kuyatazama maisha ya Mtakatifu Kamili wa Lellis, ambaye Papa Pio XI alimtangaza mwaka 1930 kuwa msimamizi wa wauguzi.

Usidhani alizaliwa mpole. Kamili alizaliwa Bucchianico, Italia, mwaka 1550, akakua mrefu kupita wenzake na mwepesi wa hasira. Alikuwa askari na mcheza kamari. Mwaka 1571 kidonda cha mguu kilimfikisha hospitali ya San Giacomo, Roma. Alitibiwa huku akihudumia wagonjwa wengine, lakini akafukuzwa kwa tabia zake. Baadaye karata zilimmaliza kabisa, akabaki kibarua wa ujenzi kwa Wakapuchini huko Manfredonia. Hapo, Februari 2, 1575, neema ya Mungu ilimgusa akatubu. Alitamani kuwa mtawa wa Kapuchini, lakini kidonda kilimkatalia, akarudi San Giacomo.

Safari hii alidumu, hata akakabidhiwa usimamizi wa hospitali. Aliyoyaona yalimchoma: watumishi wa mshahara waliwaacha wagonjwa katika uchafu na njaa, wengine wakikata roho bila mtu pembeni. Angeweza kukaripia kila siku. Angeweza pia kufanya kazi ya wote mpaka aanguke. Lakini mwaka 1582 alipata wazo la kukusanya watu wa kuhudumia wagonjwa kwa upendo, wanaosali pamoja na kufanya kazi pamoja. Walianza wachache, tena kwa kupingwa. Alipewa upadre mwaka 1584, na mwaka 1586 Papa Sisto V aliidhinisha kundi lao na kuwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu.

Hata hivyo, kazi haikuwa nyepesi. Baadhi ya ndugu zake walikufa kwa maradhi waliyoyapata wakihudumia wagonjwa wa tauni. Kamili mwenyewe alichechemea na kidonda chake hadi uzeeni. Mwaka 1607 aliachia uongozi wa shirika, akabaki kuwa mhudumu hadi alipofariki Julai 14, 1614.

Ndugu muuguzi, tazama jinsi mtakatifu huyu alivyoukabili uzito wa kazi. Alitafuta wenzake, na alijua kuna mzigo wa kumwachia mwingine. Kwa hiyo kuchoka kwako si dhambi, wala si upungufu wa imani. Hata nabii Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, Mungu alimpa kwanza usingizi na chakula, ndipo akamtuma tena. Usiku ukiwa mgumu, mwambie mwenzako wa zamu kabla hujaondoka. Wagonjwa wakizidi uwezo wako, mweleze kiongozi wako, maana kunyamaza hakumsaidii mgonjwa. Usingizi ukikukimbia na machozi yakija bila sababu, mwone daktari au mshauri, kama unavyowahimiza wengine kila siku. Na dakika chache za sala kabla ya kuingia wodini ni zako, usizitoe kwa mtu.

Nawe uliyejibiwa vibaya, una haki ya kuheshimiwa, na ukali kwa mgonjwa hatuutetei. Lakini jiulize: katika jumuiya yenu ndogo ndogo kuna muuguzi? Asipoonekana Jumamosi mnamwandika mtoro, au mnauliza kama ametoka zamu ya usiku? Kuna aliyewahi kumpelekea uji, au kumwangalizia watoto alale saa mbili tu? Kumtunza anayetunza wagonjwa ni kumtembelea Kristo mgonjwa kwa njia nyingine.

Mtakatifu Kamili awaombee wauguzi wetu wote, hasa aliye zamu sasa hivi wakati wewe unajiandaa kwenda Misa. Mtaje kwa jina katika sala yako ya leo, na akirudi nyumbani, mpigie hodi.