Carl Gustaf von Rosen: rubani wa chakula, rubani wa vita

Mara hii tunaleta maisha ya Carl Gustaf von Rosen, rubani wa Uswidi aliyeongoza jeshi la anga la Ethiopia. Wengi kati yetu tulikula chakula kilicholetwa na ndege ao na kamyo, lakini ni mara chache tunauliza nani alishika usukani.

Alizaliwa mwaka 1909 katika jamaa tajiri na yenye cheo. Dada ya mama yake aliolewa na Hermann Göring, yule ambaye nyuma alikuwa mkubwa wa jeshi la anga la Hitler. Von Rosen alishika njia ingine. Italia ilipovamia Ethiopia mwaka 1935, alienda kule kurusha ndege ya Msalaba Mwekundu, kubeba wagonjwa na dawa. Aliona vile Waitalia walitumia gazi ya sumu, na vile mabomu yalianguka hata juu ya mahema ya waganga. Miaka minne nyuma alienda Finland, kupigana upande wa Wafini kwa vita yao na Warusi. Basi tangu ujana alikuwa na mambo mawili ndani yake: kuponya na kupigana.

Mwaka 1945 alianza kazi ya kujenga upya jeshi la anga la Kaisari Haile Selassie. Alikaa kule mpaka 1956. Pale Bishoftu vijana wa Ethiopia walifundishwa kurusha ndege na kuzitengeneza. Mwaka 1947 alitoka Stockholm na ndege ndogo ya enjini moja, akaenda mpaka Addis Ababa bila kutua, zaidi ya saa 30 angani.

Hata inchi yetu aliijua. Wakati wa fujo ya miaka ya mwanzo ya uhuru alirusha ndege hapa kwa kazi ya Umoja wa Mataifa, na alikuwa kati ya marubani wa Dag Hammarskjöld. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Hammarskjöld alikuwa anaenda kuonana na Tshombe juu ya kusimamisha vita ya Katanga. Ndege yake ikaanguka karibu na Ndola. Von Rosen hakuwa ndani.

Kisha ikaja Biafra. Serkali ya Nigeria ilifunga njia, watoto wakafa njaa. Mwezi wa Agosti 1968 von Rosen alitoka kisiwa cha São Tomé na mzigo wa chakula na dawa, akapita chini sana ili asipigwe, akatua Uli, kipande cha barabara kilichogeuzwa uwanja wa ndege. Alifungua njia tena, na wengine wakamfuata.

Lakini mwezi wa Mei 1969 alirudi na ndege tano ndogo za Uswidi, zimefungwa roketi. Yeye na wenzake wakapiga viwanja vya ndege vya Nigeria, kuanzia Port Harcourt tarehe 22. Aliona kwamba kuharibu ndege za vita chini ni kulinda watu wenye njaa. Wiki mbili nyuma, tarehe 5 Juni, jeshi la Nigeria liliangusha ndege ya Msalaba Mwekundu iliyobeba chakula. Wote waliokuwa ndani walikufa, na Msalaba Mwekundu ukasimamisha safari zake.

Hapa sisi wenyewe hatusikilizani. Wamoja wetu wanasema: mtu aliyeona mtoto akikufa hawezi kukunja mikono. Wengine wanajibu: tangu siku ile, askari wa Nigeria angejua namna gani kama Mswidi anayepita angani anabeba maziwa ao roketi? Sisi tunaoandika tunashika neno la pili, juu tunajua anayelipa ni yule anayengoja chini na sahani.

Njaa ilipopiga Ethiopia katika miaka ya 1970, alirudi tena kule, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60. Kwa vijiji visivyo na barabara, ndege ndogo zilipita chini na kuangusha mifuko ya nafaka. Mara hii hakukuwa roketi. Tarehe 13 Julai 1977 alikuwa Gode, katika Ogaden, jeshi la Somalia liliposhambulia. Aliuawa pale, chini, si angani.

Tunamkumbuka na mazuri yake na kosa lake. Ndiyo maana katika chama chetu kila mfuko unafunguliwa na kuhesabiwa mbele ya memba wote: kama imeandikwa unga, ndani kuwe unga.