Reginald Hall na Telegramu ya Mwaka 1917

William Reginald Hall alizaliwa Uingereza mnamo mwaka 1870, akajiunga na jeshi la majini angali mvulana. Upelelezi haukuwa mgeni nyumbani kwao, kwani babake aliwahi kuwa mkuu wa kwanza wa upelelezi wa jeshi hilo. Afya ilipomlazimu kuiacha manowari aliyoiongoza, Hall alikalia kiti hicho hicho mwishoni mwa 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vimeanza.

Wataalamu wake walifanya kazi London katika Chumba Nambari 40, wakifumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani. Mnamo Januari 1917 walinasa telegramu ya Arthur Zimmermann, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani. Iwapo Marekani ingeingia vitani, Mexico ilitakiwa kuungana na Ujerumani, kwa ahadi ya kurejeshewa Texas, New Mexico na Arizona.

Hapo Hall alikabiliwa na mtihani mgumu. Uingereza ilihitaji mno msaada wa Marekani. Je, nani angeamini habari iliyoletwa na mwenye haja? Isitoshe, telegramu hiyo ilikuwa imepitia katika njia ya mawasiliano ya Wamarekani wenyewe, ambayo Waingereza walikuwa wakiichungulia kisiri. Ili kuificha aibu hiyo, Hall alitafuta nakala nyingine nchini Mexico.

Habari ilipochapishwa magazetini tarehe 1 Machi, Wamarekani wengi waliishuku kuwa ghushi. Hata hivyo, serikali ya Rais Woodrow Wilson ilikuwa imeisaka nakala katika kampuni ya telegramu ya Washington. Ilipelekwa London, na ofisa wa ubalozi wa Marekani akaifumbua kwa msaada wa watu wa Hall. Maneno yakaafikiana. Tarehe 3 Machi Zimmermann mwenyewe alikiri, na tarehe 6 Aprili Marekani ikatangaza vita.

Hall aliingia Bungeni mwaka 1919, akafariki mwaka 1943. Maisha yake yanadhihirisha kwamba mshirika aweza kusema kweli huku akificha njia aliyoipatia kweli hiyo. Kwa hivyo, serikali inayotakiwa kuwatoa vijana wake mhanga ina haki ya kujisomea ushahidi kabla ya kuamini. Kuuliza si ujinga, hata anayeulizwa akiwa rafiki.