Mwalimu Nyerere na safari ndefu ya umeme wa Rufiji

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere anakumbukwa zaidi kwa uhuru, umoja na Kiswahili. Leo tunaangazia upande wake usiosimuliwa sana: jinsi alivyotafuta umeme wa uhakika kwa nchi hii, na jambo hilo linatuhusu vipi sisi wa Nyarero.

Mtoto wa Butiama

Mwalimu alizaliwa 13 Aprili 1922 Butiama, hapa hapa mkoani Mara, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha akaongoza TANU tangu 1954 hadi uhuru, 9 Desemba 1961.

Umeme wa mito yetu

Wakati wa uhuru umeme ulikuwa wa watu wachache, wengi wao wa mijini, na ulimilikiwa na kampuni binafsi. Mwaka 1964 serikali ilianza kununua hisa za kampuni hizo, na kufikia 1975 TANESCO ilikuwa mali ya umma.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Kwa nchi inayoagiza mafuta kutoka nje, kuendesha majenereta kulimaanisha kumaliza fedha za kigeni. Maji ya mto hayanunuliwi nje, na mitambo yake haichomi mafuta. Serikali ya Mwalimu ikajenga Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Awamu ya kwanza ilianza kazi 1975, na baada ya awamu ya pili kituo kikafikia megawati 204. Bwawa la Mtera likajengwa juu yake ili kuhifadhi maji ya kiangazi.

Lengo kubwa zaidi lilikuwa Mto Rufiji. Mwaka 1975 iliundwa RUBADA kusimamia bonde hilo, na wataalamu wa Norway wakafanya upembuzi. Gharama ikawa kubwa mno. Mwalimu aling'atuka 1985 na kufariki London 14 Oktoba 1999 bwawa hilo likiwa bado kwenye makaratasi.

Pale mpango ulipopungua

Tuseme ukweli: hadi Mwalimu anang'atuka, vijiji vingi vilikuwa bado vinatumia kibatari. Tena kutegemea maji pekee kulikuwa na hatari. Miaka ya 1990, na tena 2006, mvua zilipokosekana maji ya Mtera yalipungua na nchi ikaingia kwenye mgao. Msaada ukatoka kwenye gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 Mwalimu akiwa rais, lakini ikaanza kuzalisha umeme 2004. Gesi nayo hutoa hewa ya ukaa, ingawa kidogo kuliko dizeli au makaa ya mawe.

Bwawa lenye jina lake

Ujenzi kwenye Rufiji ulianza 2019. Wahifadhi walipinga kwa sababu bwawa lingezamisha sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Mtambo wa kwanza uliwashwa 2024. Mitambo yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115, zaidi ya mara kumi ya Kidatu. Bwawa limepewa jina la Julius Nyerere.

Kwetu sisi

Megawati hizo zitakuwa na maana kwa mwenye mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea pale nguzo zitakapofika mlangoni, umeme usipokatika, na bei ya uniti ikilipika. Kwenye mkutano wa kijiji tuulize ratiba ya kuunganishiwa vitongoji vilivyobaki. Na kwa kuwa Mtera imetufundisha kwamba bwawa hutegemea vyanzo vyake, wanaolima kando ya Mto Mara na vijito vyake waache miti ya kingo isimame.