Big Joe Turner: Malenga Asiyeandika na Diwani Yake ya Sauti

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kufunzwa kwamba fanani hufa, na kazi yake ikabaki mikononi mwa watu wengine. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuacha kitabu. Tungo zake zilikusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor kutoka kwa watu waliozihifadhi vichwani, na diwani ikachapishwa mwaka wa 1940, takriban karne moja baada ya malenga huyo kuaga dunia. Makala hii inanuia kusimulia maisha ya fanani mwingine, wa mbali mno na Mvita, ambaye diwani yake haikupigwa chapa kwa wino. Mwaka wa 1994 kampuni ya Rhino ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa diski tatu za nyimbo za Big Joe Turner, kuanzia zile alizorekodi mwaka wa 1938 hadi za uzeeni mwake katika miaka ya themanini. Nakiri kwamba niliusikiliza kwa mara ya kwanza nikitafuta burudani tu baada ya kazi ya tasnifu. Nilipofika diski ya tatu nilikuwa nimerejea katika maswali yale yale ya tasnifu: mtunzi ni nani, matini asilia ni ipi, na nani hula jasho la fanani.

Joseph Vernon Turner alizaliwa tarehe 18 Mei 1911 katika jiji la Kansas City, jimbo la Missouri. Baba yake aligongwa na gari la moshi akafariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Shule aliiacha mapema. Chuo chake kilikuwa barabara, ambako aliwaongoza waimbaji vipofu kwa mkono, akawasikiliza, akawakusanyia sarafu za wapita njia, na taratibu akaanza kuimba pamoja nao. Atakayetafuta mahali alikojifunza utunzi na aanzie hapo. Husimuliwa pia kwamba kabla ya kutimiza umri wa kuingia vilabuni alijichora masharubu kwa wanja na kuvaa kofia ya marehemu baba yake ili wabawabu wampishe. Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi, lakini umbo lake kubwa lilimsaidia. Alipokomaa alikuwa na kimo cha zaidi ya futi sita, na ndiyo sababu ya lakabu ya Big.

Kansas City ya siku hizo haikuwa mji wa kawaida. Kati ya mwaka wa 1920 na 1933 pombe ilipigwa marufuku kote Marekani, lakini katika mji huu, uliotawaliwa kwa mkono wa chuma na mwanasiasa Tom Pendergast, sheria hiyo ilifumbiwa macho. Vilabu havikufungwa hadi alfajiri. Wanamuziki walimiminika huko kutoka kila upande, Count Basie na Mary Lou Williams wakiwa miongoni mwao. Turner alifanya kazi ya upishi, kisha akawa mhudumu wa baa aimbaye. Katika kilabu cha Sunset alimimina vinywaji huku akiimba kutoka nyuma ya kaunta, na rafiki yake Pete Johnson akimfuata kwa piano. Sauti yake ilipenya kelele za walevi, glasi na ngoma bila msaada wa kipaza sauti. Waimbaji wa aina hiyo huitwa wapiga kelele wa blues, jina ambalo kwa maoni yangu linawapunja, kwa maana Turner hakupiga kelele. Alitamka kila neno likafika mlangoni.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo penye faida kubwa kwa mwanafunzi wa ushairi. Ubeti wa kawaida wa blues huwa na mishororo mitatu. Wa kwanza huimbwa, wa pili huurudia wa kwanza kwa badiliko dogo au pasipo badiliko, na wa tatu huleta jibu lenye kina sawa. Muziki wake huenda kwa vipimo kumi na viwili, kisha huanza upya. Urudiaji ule si pambo. Humpa fanani nafasi ya kupumua na kuutafuta mshororo wa tatu, wakati hadhira nayo ikiungoja. Turner alikuwa na hazina ya beti zisizofungwa na wimbo wowote maalum. Alizichomoa kichwani kulingana na usiku ulivyokwenda na waliokuwapo ukumbini, akazipanga upya kila mara, na wimbo mmoja ungeweza kuendelea mpaka wapigaji wachoke. Aliyewahi kushuhudia ngoma ambapo manju hatoki ulingoni mpaka apatikane wa kumjibu hatahitaji kuelezwa zaidi.

Tarehe 23 Desemba 1938 mambo yalibadilika. Mdau wa muziki John Hammond aliwaleta Turner na Johnson mjini New York kushiriki katika tamasha la From Spirituals to Swing, lililofanyika ndani ya ukumbi wa Carnegie Hall, mahali palipozoea muziki wa kitaalamu wa Kizungu. Juma moja baadaye, tarehe 30, wawili hao walirekodi Roll 'Em Pete. Wapo wachambuzi wanaouhesabu wimbo huo kuwa miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa zenye roho ya rock and roll, miaka kumi na sita kabla ya jina hilo kuwa maarufu duniani. Santuri ya zama hizo ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Basi usiku mzima wa Sunset ulilazimika kukatwa na kubanwa katika dakika tatu, na beti zilizokuwa zikielea huru zikapewa mpangilio mmoja wa kudumu. Tukio hili si dogo. Ndipo utungo simulizi ulipopata matini, kama tenzi zilivyopata matini pale mnukuzi alipochukua kalamu.

Baada ya hapo Turner aliimba katika kilabu cha Café Society cha New York, mojawapo ya mahali pachache ambapo Weusi na Weupe waliketi pamoja wakati huo. Mwaka wa 1941 alikwenda Los Angeles kushiriki katika onyesho la Duke Ellington lililoitwa Jump for Joy. Miaka iliyofuata aliipitisha akihama kutoka kampuni moja ya santuri hadi nyingine, na hakuna haja ya kuziorodhesha.

Mwaka wa 1951 aliitwa kuimba na bendi ya Count Basie katika ukumbi wa Apollo, Harlem, mahali pa Jimmy Rushing. Usiku ule ulikuwa wa fedheha. Bendi ilifuata nyimbo zilizopangwa kwa maandishi, zenye mikato na migeuko ambayo Turner hakuizoea. Yeye alijua vipimo kumi na viwili, naye Basie alikuwa ameandikiwa mengine. Akapotea katikati ya wimbo, na hadhira ya Apollo, ambayo haina huruma, ikamzomea. Ahmet Ertegun, mwana wa balozi wa Uturuki na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Atlantic, alimtafuta akamkuta katika baa ya jirani akijizika kwenye glasi. Akampa mkataba. Najiuliza iwapo kisa hiki si muhtasari mzuri wa mgongano wa simulizi na andishi kuliko nadharia nyingi tunazonukuu katika makala zetu. Aliyeshindwa usiku ule hakuwa mjinga. Alidaiwa tu asome ilhali kipaji chake kilikuwa cha kukumbuka.

Waliofanya kazi naye wamesimulia kwamba kusoma kulimpa taabu, na kwamba studioni ilibidi mtu asimame kando yake kumtajia mishororo ya wimbo mpya mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo, nyimbo zikafuatana: Chains of Love mwaka wa 1951, Sweet Sixteen mwaka wa 1952, na Honey Hush mwaka wa 1953, ambao ulifika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zilizopendwa na Wamarekani Weusi. Kisha, tarehe 15 Februari 1954, akarekodi Shake, Rattle and Roll.

Wimbo huu haukutungwa na Turner. Mtunzi wake ni Jesse Stone, mpangaji muziki mweusi aliyetumia jina la Charles Calhoun. Nalitaja hili kwa sababu wengi hupenda kueleza kisa kinachofuata kana kwamba Turner aliibiwa utungo wake, na ukweli una pembe zaidi ya moja. Miezi minne baadaye, tarehe 7 Juni 1954, Bill Haley, mwimbaji mzungu, aliurekodi wimbo uo huo. Toleo la Turner linaanzia kitandani, la Haley linaanzia jikoni. Beti zilizosifu umbo la mwanamke chini ya nguo nyepesi zilifuliwa hadi zikatakata. Lakini wadhibiti hawakuwa hodari wa mafumbo. Ubeti mmoja wenye taswira ya mnyama wa nyumbani na chakula cha baharini, ambao maana yake ya ndani ni ya chumbani kabisa, uliachwa, na ukaimbwa mbele ya vijana wa Marekani na Uingereza pasipo wazazi kushtuka. Msomaji aliyelelewa na taarab atatabasamu. Fumbo humfumba asiyestahili na kumfumbua mwenyewe.

Toleo la Turner lilishika nafasi ya kwanza miongoni mwa Weusi, na katika orodha ya jumla likaishia nafasi ya 22. Lile la Haley liliingia kumi bora. Turner wakati huo alikaribia miaka 43, na Elvis Presley, ambaye angeuimba wimbo huo kwenye televisheni mwezi Januari 1956, alikuwa na miaka 19. Kuhusu malipo, sheria ya Marekani ilikuwa, na ingali, na kasoro ya kushangaza: redio ya kawaida ichezapo wimbo humlipa mtunzi, si mwimbaji. Hivyo toleo la Haley lilimpatia Stone mrabaha. Turner, aliyeupa wimbo huo uhai, hakuwa na dai lolote juu yake. Na hata mrabaha wa santuri zake mwenyewe ulilipwa baada ya kampuni kujikatia gharama za studio. Haki ya utunzi wa Honey Hush iliandikishwa kwa jina la mkewe, Lou Willie Turner, ishara kwamba si kila mara alikuwa mtu wa kuchezewa.

Nisije nikaonekana mpambe tu, sharti niseme kwamba mwanamke katika nyimbo hizi ana kazi mbili, kupendwa na kunyamazishwa. Katika Honey Hush hukaripiwa kwa ukali, na hadhira ikaifurahia sana karipio hiyo. Mhakiki wa kifeministi ana kazi humu, na sidhani ucheshi wa Turner unafuta deni hilo.

Haley mwenyewe hakuwa adui. Mwaka wa 1966, nyota ya Turner ilipokuwa imefifia, Haley aliisaidia kuwaka tena kwa kumwachia bendi yake arekodi nayo nchini Meksiko. Miaka ya sabini alirekodi kwa kampuni ya Pablo, akiwemo na Basie yule yule, na filamu ya The Last of the Blue Devils ikamwonyesha akirudi Kansas City kukutana na wenzake wa ujanani. Mwili ulikuwa umekwisha kulemewa na kisukari na maumivu ya viungo. Alipanda jukwaani kwa magongo na kuimba ameketi. Mwaka wa 1983 alirekodi Blues Train na bendi ya vijana iitwayo Roomful of Blues, mmoja wa wasimamizi akiwa Doc Pomus, mtunzi mashuhuri aliyevutwa katika muziki ujanani mwake na sauti ya Turner katika santuri ya Piney Brown Blues.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1985 huko Inglewood, California, akiwa na umri wa miaka 74. Mwaka wa 1987 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la Rock and Roll. Mwaka wa 1988, baada ya mapambano marefu ya mwimbaji Ruth Brown, Atlantic ilikubali kuwafutia wasanii wake wa awali madeni ya studio na kuwalipa upya mrabaha. Turner alikuwa kaburini kwa miaka mitatu.

Mkusanyiko wa 1994 umepangwa kwa kufuata miaka, na mpangilio huo humhadaa msikilizaji. Unamfanya atarajie ukuaji, kana kwamba Turner alianza na blues, akapita boogie-woogie na rhythm and blues, hatimaye akafika rock and roll. Sikio halithibitishi hivyo. Piano inazidiwa na saksafoni, ngoma zinaongeza uzito katika pigo la pili na la nne, majina ya tanzu yanabadilishwa na wauzaji, ila mwimbaji anaimba vile vile alivyoimba nyuma ya kaunta. Beti za mwaka wa 1938 zinazuka tena katika nyimbo nyingine, zimepangwa vingine. Mwaka wa 1956 alikaa tena na Pete Johnson studioni wakairudia Roll 'Em Pete, na santuri ndefu za wakati huo zikawapa nafasi ya kutosha kuipita mipaka ya zile dakika tatu.