Mbaruk wa Gazi: Alipatana na Watu, Viti Vikabadilika

Anayetoka Ukunda kwenda Msambweni hupita njia panda ya Gazi bila kusimama. Wachache wanaoshuka siku hizi huenda kutazama mikoko au kutafuta samaki. Lakini mwaka 1895 jina la kijiji hiki lilikuwa katika barua za Mombasa, Unguja na London, kwa sababu ya mzee mmoja aliyekaa pale: Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, ambaye watu walimwita Mbaruk wa Gazi.

Vita vyake tumevisikia. Wazee wa Kwale wamevisimulia, na vitabu vya historia vinavitaja. Kisichosemwa sana ni kwamba nyuma ya vita hivyo palikuwa na swali ambalo mpaka leo halijatuachia: kiongozi akiondoka na mwengine akashika, mapatano aliyoyafanya yule wa kwanza yanabaki kuwa ya nani?

Mbaruk alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kuonja uchungu wa swali hilo. Wamazrui walikuwa maliwali wa Mombasa kwa takriban karne nzima. Seyyid Said alipoanza kuitaka Mombasa, wao walikimbilia kwa Waingereza, na mwaka 1824 Kapteni Owen akakubali kuwapa ulinzi na kupandisha bendera. London ilipopata habari haikuafiki. Mwaka 1826 bendera ikashuka, na Wamazrui wakaachwa peke yao. Mwaka 1837, nyumba yenyewe ikiwa imegawanyika kwa ugomvi wa urithi, Seyyid Said akaichukua Mombasa. Wakubwa wa ukoo wakakamatwa kwa hila, wakatiwa chomboni, wakapelekwa kufungwa Ghuba. Hawakurudi tena. Mmoja wao alikuwa Rashid bin Salim, baba yake Mbaruk.

Waliosalimika waligawanyika mafungu mawili. Wengine walikwenda kaskazini wakakaa Takaungu. Wengine, wakiongozwa na Abdallah bin Khamis, walikuja kusini wakakaa Gazi. Baada ya Abdallah, uongozi wa Gazi ukamfikia Mbaruk.

Alikua akijua kwamba aliyekaa Unguja ndiye mtoto wa aliyemwangamiza baba yake. Seyyid Majid alifariki mwaka 1870, na Seyyid Barghash akakalia kiti. Mbaruk hakukawia kumpinga. Mapema katika miaka ya 1870 alipigana na majeshi ya Sultani. Mwaka 1882 aliishambulia Vanga, na Barghash akamtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi lake. Mathews alipanda bara mpaka Mwele, ngome ya Mbaruk iliyofichwa na msitu nyuma ya Gazi, akaizingira na kuitwaa. Mbaruk mwenyewe aliponyoka.

Baadaye alisamehewa, akarudi Gazi. Hii ndiyo iliyokuwa desturi baina yao. Mbaruk huasi, hupigwa, huingia msituni, kisha hutuma watu wa suluhu, na Sultani humkubalia. Haikuwa amani ya kujisifia, lakini kila mmoja aliujua mpaka wa mwenzake. Barghash alijua kwamba kusini ya Mombasa hakutawaliki bila Mbaruk. Mbaruk naye alijua kwamba Barghash atakasirika, kisha atapoa.

Tusimtie nuru asiyokuwa nayo. Mbaruk alikuwa bwana wa watumwa kama wakubwa wengi wa zama zake, na mashamba ya Gazi yalilimwa kwa jasho la watu wasiokuwa huru. Wako Wadigo na Waduruma waliomfuata na kumpigania, na wako walioyahama makazi yao kwa kuwaogopa watu wake. Ukitaja vita vya Mbaruk ukawasahau hawa, umesimulia nusu ya habari.

Barghash alifariki Machi 1888, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuyumba. Katika muda usiofika miaka tisa, masultani watatu walishika na kufa: Khalifa, aliyefariki 1890; Ali, aliyefariki 1893; na Hamad bin Thuwaini, aliyefariki 1896. Mwaka 1890 Unguja yenyewe ikaingia chini ya himaya ya Uingereza. Mwambao wetu ulikuwa umeshakodishwa kwa kampuni ya biashara ya Kiingereza, Imperial British East Africa, na maafisa wake wakaja kukaa Mombasa wakitawala kwa jina la Sultani.

Kampuni ile haikuwa na pesa nyingi wala askari wengi. Kwa hivyo ilifanya kama alivyofanya Barghash, ila bila kupigana kwanza: ilipatana na Mbaruk. Ilimpa posho, naye akaituliza nchi ya kusini. Mzee aliyepigana na masultani akakaa kwa amani na wafanyabiashara wa Kizungu. Alidhani amepata watu wa kuaminiana nao, na kwa miaka kadhaa dhana yake ilikuwa sawa.

Mwaka 1895 ukaleta mabadiliko mawili kwa pamoja.

La kwanza lilitokea Takaungu. Mkuu wa Wamazrui wa huko, Salim bin Khamis, alifariki mwanzoni mwa mwaka. Kwa mila ya ukoo, kiti kilimwelekea mtu mzima aliyekuwa naye akiitwa Mbaruk bin Rashid, jina moja na la mzee wetu wa Gazi. Maafisa wa Kampuni wakamtaka Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kijana waliyepatana naye. Wakamweka. Yule mwengine hakukubali, akatoka Takaungu na watu wake na bunduki zao, na vita vikaanza.

La pili lilitokea juu. Kampuni ilikuwa imeshindwa kujiendesha na ilikuwa inafunga hesabu zake. Juni mwaka huo serikali ya Rosebery ilianguka London na Salisbury akarudi madarakani. Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni iliikabidhi nchi kwa serikali ya Kiingereza, na mkubwa mpya akawa Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza kule Unguja. Wale waliopatana na Mbaruk walifunga virago wakaenda zao. Walioliwasha jambo la Takaungu walikuwa maafisa wa Kampuni. Waliokuja kulizima kwa mizinga walikuwa wengine.

Mbaruk wa Takaungu, alipobanwa, alikimbilia kusini kwa jamaa yake. Sasa mzee wa Gazi akawa na mgeni nyumbani, naye Hardinge anamtaka mgeni huyo. Akimtoa, amemuuza ndugu wa damu, na hakuna Mmazrui atakayemwamkia tena. Asipomtoa, amevunja amani na serikali. Alifanya alichozoea kukifanya zama za Barghash: alichelewesha, akajibu kwa maneno laini, akingoja hasira zipoe.

Lakini safari hii aliyekaa upande wa pili hakuwa Barghash. Mfanyabiashara anaweza kuvumilia shekhe mwenye jeshi lake mwenyewe, maadamu njia ziko wazi. Serikali iliyokuja kutawala haivumilii. Hardinge akamwita Admeri Harry Rawson na manuwari zake. Gazi ikashikwa, na tarehe 17 Agosti 1895 Mwele ikatekwa mara ya pili. Mathews alikuweko tena, na mara hii alijeruhiwa.

Kuanguka kwa Mwele hakukumaliza vita. Watu wa Mbaruk waliingia msituni, na mapigano yakaenea mwambao mzima, kutoka Vanga mpaka Malindi. Miji ikachomwa na mashamba yakaachwa. Na tazama tarehe: tarehe 14 Desemba 1895, bado watu wanapigana, Sultani Hamad alitia saini mkataba wa kuwaachia Waingereza utawala wa ukanda wa maili kumi kwa kodi ya kila mwaka. Mbaruk alikuwa msituni akipigania nafasi yake katika nchi, na nchi yenyewe inaandikiwa karatasi Unguja. Hakuna aliyemwuliza, wala hakuna aliyewauliza watu wa Gazi, Tiwi au Vanga.

Machi 1896 askari wa Kihindi waliletwa kwa bahari, na Mbaruk akaona hana tena pa kukimbilia ila ng'ambo ya mpaka. Aprili alivuka Umba na watu wake, wanaume, wanawake na watoto, akaingia nchi ya Wajerumani. Huko nako mkubwa alikuwa mpya. Hermann von Wissmann alishika ugavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1895. Huyu ndiye aliyempiga Bushiri akamnyonga Pangani mwaka 1889. Hata hivyo Mbaruk alimpokea. Silaha ziliwekwa chini, na wageni wakapewa mahali pa kukaa. Nionavyo, kwa Wissmann hii ilikuwa vita ya jirani, na mkimbizi aliyevuliwa silaha hakuwa na hasara kwake. Roho ya mzee wa Gazi ilipona kwa hisabu ya mtu mmoja tu aliyekuwa ofisini wakati ule, na kabla mwaka 1896 haujamalizika, Wissmann mwenyewe alikuwa ameshaacha ugavana.

Miezi minne baada ya Mbaruk kuvuka, Sultani Hamad alifariki ghafla. Khalid bin Barghash akaingia kwenye jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza, na tarehe 27 Agosti Admeri Rawson, yule yule wa Mwele, akalipiga mizinga kwa muda usiofika saa nzima. Khalid naye alikimbilia kwa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Wamazrui na Mabusaidi, waliopigana tangu zama za babu zao, wakakutana ugenini. Mbaruk alifariki huko Dar es Salaam mwaka 1910. Gazi hakurudi kuitawala.

Ukimtazama kwa haraka utasema alikuwa mkaidi. Mimi naona zaidi ya hayo. Alikuwa hodari wa kupatana, na mapatano yake yalishika maadamu watu aliopatana nao walikuwa hai au walikuwa ofisini. Udhaifu wake ni kwamba hakuwa na kitu kilichofungwa kwenye kiti chenyewe, kitu ambacho Hardinge angekikuta mezani na kulazimika kukiheshimu. Alikuwa na ahadi za Barghash na ahadi za Kampuni. Barghash alikufa, Kampuni ikafungwa, na ahadi zikaenda nao.

Sisi watu wa mwambao tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua juu ya ukanda ule ule wa maili kumi. Ndani yake mliahidiwa mahakama za Kadhi, uhuru wa dini, kutambuliwa kwa hati za ardhi, na kwamba maafisa wa utawala katika sehemu za Waislamu wawe Waislamu kadiri iwezekanavyo. Kenya ikapata uhuru Desemba. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Shamte ikapinduliwa, na aliyeziandika barua zile kwa niaba ya Sultani hakuweko tena wa kuzidai. Tazama kilichosalia. Mahakama ya Kadhi iko mpaka leo, kwa sababu iliingizwa kwenye katiba, na leo imo katika kifungu cha 170 cha katiba ya 2010. Ile ahadi ya maafisa wa utawala ilibaki kwenye barua, na kila mtu wa Kwale anajua ilivyokwenda.

Wala si sisi tu. Rais Moi alimweka Jenerali Lazaro Sumbeiywo kuwa mpatanishi wa vita vya Sudan. Moi alitoka madarakani Desemba 2002, Kibaki akaingia, na chama tawala kikabadilika. Sumbeiywo aliachwa na kazi yake, kwa sababu meza ile ilikuwa ya IGAD na haikuwa ya Moi peke yake. Januari 2005 mkataba ukatiwa saini Nairobi.

Kwa hivyo wakati wa kura ukifika, na wakubwa wakija Msambweni na Diani na ahadi za ardhi, za bandari na za uvuvi, tusiwaulize tu kama wanatupenda. Tuwaulize limeandikwa wapi, na atakayekuja baada yao litamlazimu vipi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wale waliotajwa vitabuni na wale wa Gazi, Mwele na Vanga waliochomewa nyumba bila majina yao kuandikwa popote.