New Zealand: Rātana, mkulima aliyewaunganisha Wamaori

Mwezi Novemba 1918, homa ya mafua iliyoikumba dunia iliua takribani watu 9,000 nchini New Zealand, na Wamaori ndio walioumia zaidi. Karibu na mji wa Whanganui, mkulima wa miaka 45 aitwaye Tahupōtiki Wiremu Rātana alieleza kwamba Roho Mtakatifu alimtokea na kumwagiza awaunganishe Wamaori chini ya Mungu mmoja.

Habari zilienea kuwa wagonjwa wanapona kwa maombi yake. Maelfu walifunga safari kwenda shambani kwake, na hapo pakazuka kijiji. Aliwataka waache kuwaogopa waganga wa jadi na miiko ya mababu. Wapo waliofarijika, na wapo walioona urithi wao ukitupwa. Mwaka 1925 kanisa lake likasajiliwa rasmi.

Lakini uponyaji wa mwili haukumtosha. Ardhi ya Wamaori ilikuwa imekwisha kutwaliwa, licha ya Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840. Mwaka 1924 alivuka bahari hadi London kupeleka malalamiko hayo kwa Mfalme George wa Tano. Hakupokelewa. Nadhani hapo ndipo nabii alipogeuka mwanasiasa, ingawa yeye mwenyewe hakuona mpaka kati ya kazi hizo mbili.

Mwaka 1936 alikutana na Waziri Mkuu Michael Joseph Savage wa chama cha Labour, akamwekea mbele kiazi, saa mbovu, kinyago cha jiwe la kijani na manyoya ya ndege huia, ambaye alikuwa ameshatoweka. Kiazi hakioti pasipo udongo, na Wamaori hawakuwa nao tena. Saa ilikuwa kama mkataba uliovunjwa, nao hawakuwa na fedha za kuitengeneza. Savage alikubali ushirikiano. Inaelezwa kwamba alipofariki mwaka 1940 alizikwa na vitu hivyo.

Rātana alikuwa amemtangulia, Septemba 1939. Miaka minne baadaye wafuasi wake walishika viti vyote vinne vya Wamaori bungeni, hata kile cha Sir Āpirana Ngata, mwanasiasa mashuhuri aliyekishikilia tangu mwaka 1905.

Katika sensa ya mwaka 2023, zaidi ya nusu ya wananchi walisema hawana dini. Hata hivyo, kila Januari 25, siku aliyozaliwa Rātana, viongozi wa vyama huenda kijijini kwake, huketi uwanjani na kusikiliza wanayoambiwa na wenyeji.