Cousteau, mwenye aliingia kwa matumbawe na baruti

Kofia nyekundu ya sufu, uso mwembamba, pua ndefu: wazee wenye waliangalia televisheni ya Kifaransa wanamukumbuka Jacques-Yves Cousteau. Alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 kule Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Aliingia jeshi la majini la Ufaransa na alitaka kuwa rubani wa ndege. Ajali ya motokari ikamuvunja mikono, na mambo ya ndege yakaishia pale. Akaanza kuogelea Toulon ili mikono irudiliwe na nguvu.

Wakati ule, watu wengi wa kuzama walitumia njia mbili: kushika pumzi, ao kuvaa kofia kubwa ya chuma yenye mpira wa hewa unaowafunga na mashua. Cousteau alichoka na zote mbili. Vita vilikuwa vimefika, Wajerumani wamekalia Ufaransa, esansi imepotea, motokari zinatembea na gazi ya makala. Injinia Émile Gagnan, wa Air Liquide, alikuwa na kifaa kidogo cha kupimia injini gazi hiyo. Baba ya Simone, bibi ya Cousteau, alikuwa mkubwa katika kampuni hiyo hiyo. Mlango ulikuwa wazi. Wawili hao wakakigeuza kitoe hewa pale tu mtu anapovuta, na kwa nguvu sawa na ile ya maji yanayomubana. Mwaka 1943 kikafanya kazi. Chupa mgongoni, mikono wazi, mtu akaweza kuelea kati ya samaki.

Mwaka 1951 meli yake Calypso, ya zamani ya kutegua mabomu ya baharini, ikamufikisha Bahari Nyekundu, ile ya Musa. Matumbawe ni wanyama wadogo sana wenye kujenga chokaa mpaka inakuwa mwamba. Kule yanashuka kama ukuta ndani ya maji matulivu, rangi juu ya rangi, samaki wamejaa.

Hapa ndipo kuna neno zito. Filme yake Le Monde du silence, ya mwaka 1956, ilipata Palme d'or kule Cannes, kisha Oscar. Ndani yake, watu wake wanalipua baruti kwenye matumbawe ili wahesabu samaki wa pale. Wanaua na papa, kwa hasira tu. Mvuvi maskini akitupa baruti leo anafungwa; yeye walimupigia makofi.

Hakubadilika siku moja. Mwaka 1960 alipinga mpango wa kutupa takataka za nikleari katika Mediterania, na mpango ukasimama. Lakini mwaka 1963, sehemu ya feza za kazi yake ya Sudani ilitoka kwa watu wa petroli. Kule Sha'ab Rumi alijenga nyumba chini ya maji, metre 10, urefu wa nyumba ya etaji tatu. Wanaume watano wakalala mule mwezi muzima, pamoja na kasuku mmoja.

Mwaka 1973 alianzisha shirika la kulinda bahari, na mafilme yake ya nyuma yakaanza kuonyesha uchafu na uharibifu. Mtoto wake Philippe alikufa mwaka 1979 kwa ajali ya ndege karibu na Lisbon. Yeye mwenyewe alifia Paris tarehe 25 Juni 1997, na miaka 87.

Nyumba ya Sha'ab Rumi iliondolewa. Gereji ya nyambizi yao ndogo imebaki pale chini, na matumbawe yameota juu yake.